Historia ya Marehemu Machibya Shimba, Aliyemtafuta Mbawakawa wa Kayenze

Baba Paroko, ndugu, majirani na waombolezaji wote, historia hii inasomwa na dada mkubwa wa marehemu, Dorotea Shimba, kwa sababu familia ilikuwa imempanga mtu mwingine lakini Dorotea akakataa katakata kumpisha, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu Machibya Shimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Bujora, mtoto wa pili wa Mzee Shimba na Mama Ng'washi, na mama alikuwa akisema mtoto huyu hata ugali anaula amesimama. Alisoma shule ya msingi Kisesa kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mjini Mwanza hadi 1986, na mwaka 1990 akahitimu stashahada ya kilimo, ingawa ripoti zake zote zilisema ana akili ila hakai darasani.

Mwaka 1991 aliajiriwa katika kituo cha utafiti, na magugumaji yalipolivamia ziwa alikuwa miongoni mwa waliofuga wadudu wa kuyala. Tarehe 20 Septemba 1997 alifunga ndoa na Rose Kashindye, na siku hiyo hiyo bwana harusi alionekana akipekua maua ya meza kuu, wageni wakidhani amepoteza pete. Waliishi Mkolani, wakajaliwa watoto wawili, Obedi na Bernadeta.

Mwezi Juni 2019, katika kinamasi cha mafunjo upande wa Kayenze, alimkuta mbawakawa wa kahawia, mdogo kama punje ya mtama, asiyekuwamo katika kitabu chochote. Mdudu mpya hatangazwi kwa maneno matupu, lazima aelezwe, achorwe, na kielelezo chake kihifadhiwe makumbusho, na kwa jamii hii lazima apatikane dume, maana, Baba Paroko utusamehe, viungo vya siri vya dume ndivyo vinavyotofautisha aina na aina. Kwa miaka minne na nusu marehemu alipata majike matupu, hali akashiba, halali akapumzika, hadi tarehe 9 Desemba 2023 alipompata dume mmoja, akaja naye huku Bujora pamoja na majike yake ndani ya vichupa vya spiriti, alikokuwa akimuuguza mama huku akimchora mdudu wake.

Mama alifariki tarehe 11 Februari 2024, na kama ilivyo desturi vyumba vilitolewa vitu ili waombolezaji wapate pa kukaa, naye Dorotea akakuta vichupa kumi na viwili vya spiriti vyenye kama uchafu chini, akavimwaga nyuma ya jiko, akavisuuza vizuri, akawagawia bibi zetu vya kuwekea ugoro. Marehemu alipouliza, Dorotea alisema hajui, labda watoto. Aliogopa.

Marehemu akarudi kinamasini kutafuta dume mwingine. Mwezi Aprili aligundulika kuwa na maradhi ya moyo, madaktari wakamkataza maji na baridi, miguu ikavimba hadi buti zikakataa kuingia, naye akaenda peku, mwaka mzima, dada yake akimfungia chakula cha njiani.

Tarehe 28 Aprili 2025 alilazwa, na tarehe 2 Mei Dorotea alimweleza ukweli wote. Marehemu aligeukia ukutani, halafu akamuuliza kama ana buti. Alimfundisha kutokea kitandani namna ya kupukutisha mafunjo juu ya kitambaa cheupe, na kwa siku sita dada huyu wa miaka sitini na miwili aliingia kinamasini asubuhi na mapema, akaleta wadudu, Daktari Nusrat wa kituo cha utafiti akawatazama kwa darubini kando ya kitanda, na kila siku marehemu alijibiwa kwamba ni jike, naye akasema, dada, rudi. Siku ya saba, tarehe 9 Mei, Dorotea alifika wodini saa nne na nusu asubuhi, chupa mkononi, na marehemu alikuwa ametutoka saa mbili kasoro robo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walioruhusu darubini wodini, majirani wa Mkolani, bibi zetu waliorudisha vichupa bila kuuliza, na wafanyakazi wenzake, hasa Daktari Nusrat, ambaye siku ile aliitazama chupa ya mwisho huku akilia, na ameahidi kumaliza maandishi kwa jina la marehemu.

Machibya, mdogo wangu, ni mimi niliyevimwaga, na dume amepatikana. Pumzika.