Jina la Mkwe

Sogeeni, wanangu, mkae karibu na kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo si ya kupotezwa. Tabia, uache huo uji, hautanifaa. Mselem, mpe mjomba wako kiti. Na wewe Mbarouk usisimame mlangoni kama mpita njia. Umetoka Maramba mpaka Makorora kuniaga, basi kaa usikie ninavyoaga.

Nyumba hii mtagawana kama sheria inavyosema. Cherehani ni ya Tabia, nilimpa nikiwa mzima, haimo katika mirathi, na Mselem asiitie mdomo. Ninalotaka kusema ni la kile kilima.

Wavuvi hukiita Jino, kwa vile wanavyokiona kutoka baharini. Wachunga mbuzi hukiita Kipara. Sisi tuliozaliwa chini yake tunakiita Mkwe, na tukipita tunajitanda leso, hatukinyooshei kidole. Ukungu ukikaa kileleni asubuhi tunasema Mkwe anapika, na hakuna apandaye mahindi kabla Mkwe hajapika. Mle pangoni amelala bibi aliyekimbia utumwa na mtoto mgongoni, akafyeka, akalima, na mashamba yake yakaenda kwa binti zake, na binti za binti zake, hadi kwangu. Kila mwanamume wa pale aliingia kwa kuoa, ndiyo maana bibi huyo ni Mkwe wa wote. Jina lake tunalijua sote, na hatulitaji, kwa kuwa mkwe hatajwi jina.

Mwaka jana mpima ardhi wa shamba la mkonge akaja akauliza, "Kilima hiki kinaitwaje? Ni cha nani?" Wazee wakatazama chini. Nami nikatazama chini. Ni adabu, lakini yeye akadhani hatujui. Ndipo Mbarouk, ndugu yangu, niliyemtafunia chakula mama yetu alipofariki, akapaza sauti: "Ni Kilima cha Mbarouk, bwana. Cha babu yangu, nami nimerithi jina lake." Babu gani? Babu yetu aliitwa Zubeiri, na pale alikuja kuoa!

Usinikatize. Nilipokuuliza, ulinijibu nini? "Dada, ulitaka nimwambie mzungu kwamba tumezaliwa na mtumwa? Watu watatucheka." Wangecheka! Kicheko kinang'oa muhogo? Kwa neno lako hilo, leo mkonge umepandwa palipokuwa na muhogo wangu, wewe umekuwa mnyapara mwenye kofia, na dada zako wanakuomba ruhusa ya kuokota kuni. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikushonea mimi.

Sikilizeni basi. Jumamosi jumbe anakaa baraza la mashamba yale. Wazee wataulizwa tena, nao watanyamaza tena, kwa adabu ile ile. Tabia, wewe usinyamaze. Simama, usijifunike uso, ulitaje jina la bibi wa pangoni: Kijakazi. Ndiyo, na ndivyo alivyokuwa, kijakazi wa watu, mpaka siku alipokwea kilima kile. Kisha wataje binti zake mmoja mmoja hadi ufike kwako. Mselem, kazi yako ni kumsindikiza dada yako, si kumsemea. Mwiko niachieni mimi. Nikikutana naye nitamweleza. Alikuwa mama, ataelewa.

Mbarouk, najua umefuata nini. Umekuja kutaka radhi, maana mama mlezi ni mama. Sikunyimi, wala sikupi. Nimeiweka mkononi mwa Tabia. Ukisimama barazani ukasema, "Dada yangu alisema kweli, mimi ni mtoto wa Kijakazi," atakupa pale pale. Usiposema, kaa na kofia yako.

Ninyi wanangu nimewaridhia duniani na akhera. Mungu awape riziki isiyo na masimango, na watoto watakaowastahi. Nizikeni mapema, msingoje watu wa mbali... Maji... Basi, yanatosha.

Tabia. Litaje, nikusikie. Usimtazame mjomba wako, nitazame mimi... Hapana, kwa sauti hiyo jumbe hatakusikia. Tena, mwanangu... Tena.