Mwenye Kucheza Zimwi

CLARISSE: Haloo? Nani ananitafuta na namba hii?

BERTIN: Ni mi, Bertin. Wa komisio ya bitabu, huku Fizi. Nimeazima simu ya mwenzangu Solange. Jambo, Mama Clarisse.

CLARISSE: Jambo, Papa Bertin. Mulilala muzuri?

BERTIN: Tulilala. Batoto bako wazima?

CLARISSE: Bako. Na Mama ku nyumba?

BERTIN: Iko. Sikia, rezo ya simu leo iko mubaya na Solange ananiangalia juu ya unite yake, ile pesa ya simu, basi nasema upesi. Komisio inakaa asubuhi hii. Kila masomo, kila shule, inachagua aina mbili ya bitabu bya batoto. Kuko hadisi za banyama, kuko mashairi, kuko bitabu bya mambo ya kweli, kuko mazimwi. Aina mbili tu, kisha kartoni zinapanda mu gari. Sasa mwalimu Pulchérie wa kwenu ametuma neno. Anasema mazimwi isirudi mu kalasi hata moja ya Baraka.

CLARISSE: Ni vile alisema.

BERTIN: Pulchérie? Mwaka jana si ni yeye alisimama hapa mbele yetu? Pasta alitaka hadisi za Biblia, mi nilitaka bitabu bya adabu, yeye peke yake akapigania mazimwi mpaka tukachoka. Na leo— Mama Clarisse? Uko?

CLARISSE: Niko. Hamukusikia habari huko Fizi?

BERTIN: Tulisikia mutoto wa kalasi ya tatu alikufa. Walisema kifua.

CLARISSE: Kifua ilikuja nyuma.

BERTIN: Nyuma ya nini?

CLARISSE: Uko na wakati?

BERTIN: Ba komisio bado banakunywa chai. Sema.

CLARISSE: Pulchérie alikuwa anakuja kulala kwangu, juu ku nyumba yake usingizi ulikataa. Hivi nakuambia, ni yeye aliniambia, na ingine niliona na macho yangu. Ile kartoni ya mwaka jana ilipofika, alianza na bitabu bya mambo ya kweli. Kuko kitabu moja ya samaki ya ziwa, na picha za muzuri. Batoto bakasinzia. Mikeke na ndakala, ba baba yabo banazileta ku nyumba kila siku, nani ataangalia picha yake? Kisha akafungua ile ya zimwi.

BERTIN: Ile ya zimwi kushuka mulima?

CLARISSE: Ile. Zimwi liko na fimbo murefu na sauti sawa majiwe inavingirika. Linashuka kutoka mulima, linakula mbuzi, linakula batoto. Batoto benye kubakia banachimba shimo, banaifunika na matawi, zimwi linaanguka, na kijiji yote inaenda kula na kuimba. Kalasi ikanyamaza sawa kanisa. Pulchérie amefundisha tangu hata hajaolewa, na hakuna siku batoto balimusikiliza vile. Aliniambia alirudi ku nyumba na utamu mu koo. Kesho yake akasema, tutaicheza.

BERTIN: Njo kazi ya mwalimu muzuri.

CLARISSE: Nani alikubali kuwa zimwi? Hakuna. Bote ni bachimbaji ba shimo. Kisha sauti ikatoka ku benchi ya nyuma, Kirezi. Na kalasi yote ikarudilia, Kirezi, Kirezi.

BERTIN: Huyu Kirezi ni mutoto wa—

CLARISSE: Wa kwa bibi Mukansanga. Balishuka kutoka Haut-Plateau, kule mulimani, wakati wa vita, bakapanga kanyumba nyuma ya soko. Bazazi balibakia huko, mi siulizi namna gani balibakia.

BERTIN: Ah. Ba kule.

CLARISSE: Ba kule. Tangu vita hapa ku ziwa hatubapendi. Na zimwi la kitabu linatoka mulima. Pulchérie aliona hivyo vintu viwili vinakutana. Aliniambia, Clarisse, niliviona sawa vile unaona nyoka anakata njia mbele yako, na nikajiambia, amekwisha kupita.

BERTIN: Angesema hapana.

CLARISSE: Angesema. Lakini mutoto mwenyewe alisimama anacheka. Ule mwaka yote hakuna mwenye alikaa naye ku benchi. Kiazi yake alikuwa anakula nyuma ya choo. Ile siku balimuita jina, mara ya kwanza, bote pamoja. Ungesimama pia.

BERTIN: [rezo inakwaruza] —sikusikia muzuri. Rudilia.

CLARISSE: Nasema alifurahi. Na alijua kucheza kupita bote. Akajifunza kutembea na fimbo, akatafuta sauti ya majiwe. Kesho yake batoto bakamungojea ku mulango. Akaingia mu kalasi katikati ya benzake, bamemushika mukono. Pulchérie akaenda mbio kwa direkta, akamuambia ile kitabu imefanya kazi yenye mahubiri yote ya hapa Baraka haijafanya.

BERTIN: Habari hiyo ilifika kwetu. Tulibasomea bageni benye kutoa bitabu. Mutoto wa mulima na mutoto wa ziwa banacheza pamoja. Bale bageni balipiga mikono.

CLARISSE: Nilisikia balipiga.

BERTIN: Sasa ubaya ulitoka wapi?

CLARISSE: Siku moja bakamupiga na mabua ya mihindi, sawa vile kitabu inasema, na moja ikamupata ku sikio. Akalia. Bengine bakaanza kunungunika, huyu anaharibu. Pulchérie alikuwa amechoka, mutihani iko karibu, jua liko ku mabati. Akamuambia Kirezi, zimwi halilii na haliiti muntu. Ukilia, kazi yako nitapatia mwingine.

BERTIN: Ni neno ya mwalimu tu.

CLARISSE: Ni neno ya mwalimu. Kirezi akafuta macho. Hakulia tena.

BERTIN: Endelea, bamemaliza chai.

CLARISSE: Siku ya posho, masomo imefungwa, batoto bakaenda kucheza zimwi peke yabo. Kule benye matofali banachimba udongo, unapaona ukienda Mboko. Kuko shimo ya kweli, murefu. Tania pia alikuwa pale, mutoto wa Pulchérie mwenyewe, anasoma kalasi moja na bale. Yeye alibeba matawi. Bakamuingiza Kirezi, bakafunika, bakaimba. Kisha bakaenda kula.

BERTIN: Namna gani, bakaenda kula?

CLARISSE: Kitabu inaishia vile. Zimwi liko mu shimo, kijiji inaenda kula. Mangaribi mvula ikanyesha. Ile mvula ya kwetu unaijua. Bibi Mukansanga akazunguka anaita jina. Akagonga milango, na ku milango mingi balimujibu bila kufungua. Hata kwa Pulchérie alifika. Pulchérie akauliza Tania, mulimuacha wapi? Tania akasema, ku kucheza, na akageuka akalala. Bibi alipita ku ile njia ya matofali, karibu kabisa na shimo. Aliita pale.

BERTIN: Na mutoto hakusikia, juu ya mvula.

CLARISSE: Alisikia.

BERTIN: Unajua namna gani?

CLARISSE: Alisema yeye mwenyewe. Asubuhi benye matofali balimukuta, maji imemufika ku kifua. Bibi akamuuliza, nilikuita, juu ya nini haukuitika? Akasema zimwi haliiti muntu. Akasema Madame Pulchérie angepatia mwingine kazi yake.

BERTIN: Mungu wangu.

CLARISSE: Kifua ikamushika. Hospitali bakajaribu. Hakufika siku ya Mungu ingine.

BERTIN: Na bazazi ba bale batoto?

CLARISSE: Bakasema ni muchezo. Bakasema mutoto asiye na bazazi, njo vile. Ku kilio hakukuenda muntu wa kartie, hata jirani moja, Papa Bertin. Ni Pulchérie tu alienda, na mufuko ya unga ya muhogo ku kichwa. Alikuwa amejifunza maneno ya kuomba musamaha, njia yote anayarudilia. Bibi Mukansanga hakumungoja amalize. Akamuambia, rudi ulete kitabu.

BERTIN: Kitabu ya nini?

CLARISSE: Ile ile. Bibi hajui kusoma. Alitaka kusikia. Pulchérie akarudi masomo, akaleta, akakaa ku mulango wa ile kanyumba, akasoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, na sauti ya majiwe imekataa kutoka. Bibi alisikiliza. Alipomaliza, akamuuliza, hii zimwi haikukuwa na mama? Unajua Pulchérie alifanya nini? Akafungua kitabu tena. Akatafuta ukurasa kwa ukurasa, sawa jibu ingekuwa imeandikwa mahali. Bibi akamuangalia mpaka akachoka kumuangalia, akaingia ndani. Bakaondoka na gari ya Uvira, hata hakuaga muntu.

BERTIN: Sasa nasikia. Njo maana ya lile neno.

CLARISSE: Pulchérie aliita bazazi bote mu kalasi. Alitaka baambie batoto yenye balifanya, na yeye aseme yenye alifanya. Baba moja akamuambia, Madame, hicho kitabu si ulileta we? Bakatoka. Direkta akamutuma nyumbani, eti apumuzike. Kwako anaomba kintu moja. Batoto bapewe mambo sawa vile iko. Samaki, mvula, udongo. Alisema, hata kitabu ya kuonyesha shimo ya matofali inaenda chini namna gani, ni bora hiyo.

BERTIN: Mama Clarisse, mi pia niko muzazi. Lakini komisio haitaangalia hivyo. Iko inaangalia bitabu byenyewe. Ku masomo ingine, ile ya zimwi imerudi imechanika, kurasa zimetoboka juu ya kusomwa. Ya samaki imerudi mupya, inanuka rangi. Na bageni banafika Baraka wiki hii, banataka kuona kalasi yenye kupenda kusoma.

CLARISSE: Direkta alisema vile vile.

BERTIN: Kitabu haiui muntu.

CLARISSE: Na hivyo pia alisema.

BERTIN: Na ingine ni kwamba Pulchérie hayuko tena mwalimu wa kalasi ya tatu. Neno yake siwezi kuiweka ku meza. Nahitaji neno ya mwenye kalasi. Ni nani sasa? Haloo? Rezo imekatika?

CLARISSE: Haijakatika. Ni mi. Tangu lundi, siku juma ilianza.

BERTIN: Nilijua. Njo maana nimekuita we, sikumuita direkta. Basi sema. Umebasomea nini?

CLARISSE: Lundi nilifungua ya samaki. Pulchérie aliniomba, nikamukubalia. Kelele, Papa Bertin, hata sauti yangu sikuisikia. Bakatupiana chaki. Direkta akasimama ku mulango, akaniangalia, akaenda. Akarudi, akaniangalia tena. Kesho yake nikafungua ya zimwi.

BERTIN: Bakanyamaza.

CLARISSE: Bakanyamaza.

BERTIN: Unaona.

CLARISSE: Ku rekreasyo, saa ya kucheza, bakatafuta wa kuwa zimwi.

BERTIN: Batoto. Na bakapata nani?

CLARISSE: Tania.

BERTIN: Tania wa Pulchérie?

CLARISSE: Bakasema mama yake njo alileta zimwi hapa masomo. Bakamulalisha mu mufereji nyuma ya kalasi, bakamufunika na majani ya ndizi, bakakaa juu yake.

BERTIN: We ulikuwa wapi?

CLARISSE: Ku dirisha. Nilikuwa nasahihisha dikte, maandiko ya batoto.

BERTIN: Ukasema nini?

CLARISSE: Kengele ilikuwa karibu.

BERTIN: Mama Clarisse—

CLARISSE: Kisha baliingia, bakakaa, mikono juu ya meza. Hata moja hakuongea mpaka saa ya kutoka. Tania naye alikaa ku benchi yake, udongo mu nywele, na hakuna mwenye alikaa karibu naye. Direkta akapita, akanipungia mukono. Unajua namna gani iko, kalasi kama ile kukusikiliza? Haujafundisha, haujui.

BERTIN: [rezo inakwaruza] —bananiita ndani. Niandike nini?

CLARISSE: Na Pulchérie akiuliza nani alichagua?

BERTIN: Komisio. Hakuna jina ya muntu mu komisio. Upesi, simu inapiga kengele ya unite.

CLARISSE: Andika mazimwi.

BERTIN: Mazimwi. Na ya pili?

CLARISSE: Ya pili weka samaki, juu nikimuona Pulchérie nipate ya kumuambia—

BERTIN: Umuambie nini? Haloo? Mama Clarisse?