Leso Mfukoni mwa Gatimu

Kama hujawahi kukaa kwa gogo letu pale Chaka, acha nikueleze. Ni gogo la mkaratusi lililolazwa mbele ya kibanda cha Tabby, upande ambao jua la asubuhi linafika mapema. Ukikaa hapo, soko la kondoo lote liko mbele yako mpaka ng'ambo kwa lango la kliniki. Mimi nauza viazi hapo kando, kwa hivyo siongei sana, nasikiliza. Wa kuongea ni Jaji na Antena. Jaji ni Wambugu, aliyefagia korti miaka ishirini na sita akatoka huko na hukumu ya kila kitu. Antena ni Ben, kijana mrefu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Mke wake amejifungua mapacha juzi tu. Wanakunywa kahawa ya Tabby. Huku tunalima kahawa halafu tunakunywa chai, na Tabby peke yake ndiye anajua kupika kahawa.

Siku hiyo ya soko kulikuwa na mtu wa tatu. Gatimu ni mchuuzi wa kondoo, mtu wa kuinua dume zima na kulitupa kwa lori bila kuitisha msaada. Lakini dume moja lilikuwa limempiga pembe, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta mpaka kwa kiwiko. Kwa magoti yake alikaa mjukuu wake Njoki, miezi tisa na siku kadhaa. Mama ya mtoto, Monicah, anafanya kazi kwa shamba la maua huko Nanyuki. Nyanya ya mtoto amelazwa hospitali huko Nyeri na mguu. Mtoto alikuwa apelekwe sindano ya surua, na kliniki inafunga chanjo saa sita.

Kwa mkono mmoja huwezi kupitisha mtoto katikati ya kondoo wanaosukumana. Mgongoni unaweza. Leso ya kumbebea ilikuwa mfukoni mwa koti la Gatimu, kona moja ya maua mekundu inachungulia nje. Wiki iliyopita pia ilichungulia hivyo hivyo, akakaa hapo hapo mpaka saa sita ikapita, akarudi nyumbani na mtoto bila sindano. Sisi wanawake hatungeweza kumbebea: Tabby alikuwa na maharagwe motoni, na mgongo wangu mimi uligoma zamani.

— Nangojea soko ipungue kidogo, Gatimu alisema.

Soko letu halipungui. Anajua, yeye ndiye mwenye hiyo soko.

Jaji akasema mzee mwenzake ako sawa kabisa kungoja. Kulingana na yeye, Mungu aliweka macho ya watu mbele ili wakuhukumu ukija, na akakunyima macho nyuma ili usione wanavyokucheka ukienda. Antena akakataa. Yeye alisema ni simu: mwanamume akionekana na mtoto mgongoni saa nne, saa tano Nanyuki wamemwona, na jioni binamu zake walio Amerika wanapiga kuuliza kama ni mgonjwa.

— Na kabla ya simu? Tabby akamuuliza. Baba yako alikubeba?

Antena akakuna kichwa, akapata sababu nyingine kubwa zaidi. Ati ni baridi ya huu mlima. Watu wa baridi hukaa wamebanana, na anayejitenga anaganda. Ndiyo maana Mombasa mwanamume anatembea na kikoi kiunoni na hakuna anayemuuliza.

— Kwa hivyo Gatimu ahamie Mombasa ndio mtoto adungwe, Tabby akasema.

Gatimu hakucheka. Alikuwa anaangalia kondoo.

— Hawa nimewapakia kwa lori maisha yangu yote, akasema. Ukiweka fimbo mbele yao, wa kwanza anaruka. Toa fimbo. Wa pili anaruka, wa tatu anaruka, mpaka wa mwisho. Wanaruka hewa.

Ilikuwa saa tano na robo. Hapo nikaacha viazi vyangu.

Niliwaambia habari ya marehemu Muchiri wangu. Nilipojifungua kifungua mimba wetu nilikuwa mgonjwa wiki sita, na yeye ndiye alifua nepi. Alizifua vizuri kuliko mimi. Lakini kuanika nje alikataa. Alizitundika ndani, juu ya moto. "Watu watasema umenikalia, kwamba wewe ndiye bwana hapa," ndivyo alivyokuwa akiniambia, kwa sauti ya chini kama mtu ameiba. Watoto wangu wote wanne walikua wakinuka moshi. Na surua ilipopita ile mwaka ya njaa ilimchukua mtoto wa dada yangu, kwa hivyo nikamwambia Gatimu kwamba moshi haukuua mtoto wangu hata mmoja, lakini surua inaua.

Antena aliangalia mikono yake. Ilikuwa imebabuka, kama ya mtu wa sabuni nyingi.

Ndipo akafika afande mgeni, Nasirumbi, msichana wa Bungoma aliyeletwa kwa kituo chetu cha polisi juzi. Aliitisha kahawa, akasikiliza kidogo, akamwangalia mtoto, akaiangalia leso.

— Wazee, akasema kwa heshima, yule mwanamume wa mwisho kupita hapo na mtoto mgongoni, alichekwa na nani?

Antena, ambaye anajua mpaka siku ng'ombe wa chifu alizaa, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha vidole viko hewani.

— Hakuna, Gatimu akasema polepole. Hakuna mtu amewahi kupita.

Akainama mbele yangu. Huyo mtu sijawahi kumwona akiinama hata kanisani. Nilimlaza Njoki mgongoni mwake, nikaifunga leso kifuani, juu ya plasta, mikono yangu bado inakumbuka.

Akaingia sokoni. Kelele zikapungua, kweli. Wachuuzi wakageuka. Halafu mama mmoja muuza nduma akaita kutoka mbali:

— Gatimu, anateleza. Mpandishe juu kidogo.

Akampandisha. Watu wakavuta kondoo kando, akapita.

Alirudi saa sita kasoro, katikati kabisa ya soko, taratibu, akisimama kuuliza bei ya madume asiyotaka kununua. Mtoto alikuwa amelala, plasta ndogo kwa mkono, babu plasta kubwa. Jaji alisimama akamwachia mahali penye jua, na huyo hajawahi kusimama kwa ajili ya mtu tangu atoke kortini.

Juma lililofuata nilipitia kwa kina Antena nikienda sokoni. Kwa seng'enge, upande wa barabara, alikuwa ameanika nepi za mapacha, safu mbili kutoka lango mpaka kona. Nilishika moja nikainusa. Ilinukia jua.