Fremu Mbili Kabla ya Saa Tano

Benchi la Fundi Spoku ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Liko nje ya karakana yake ya baiskeli, pale kwenye kona, na anayekaa katikati lazima ainuke kila fundi anapotaka pampu, kwa sababu pampu hukaa chini yake. Asubuhi ile hakuna aliyekaa katikati. Hapo zilikuwa zimelazwa fremu mbili za baiskeli ya mbio: moja ya kaboni iliyokwisha kutumika, nyingine ya alumini, mpya. Bei zake zilikuwa sawa. Muuzaji aliziacha kwa masharti: atarudi saa tano kuchukua tutakayoikataa, na tutakayoikwaruza tumeinunua. Mama alikaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba. Alichokuwa nacho kilitosha fremu moja tu. Mimi nilisimama. Jumamosi timu ya mbio ilikuwa inachagua wasichana wanne, na wanne hao wangelipiwa shule. Mimi shule niliiachia kidato cha pili, ada ilipokosekana. Fremu yangu ya zamani ilikatika wiki iliyopita. Magurudumu, gia na breki zake zilikuwa zinaning'inia ukutani, zikisubiri mwili mpya.

— Saa nne na robo, alisema Cheche, mchomeleaji wa jirani, miwani yake ya kazi ikiwa juu ya paji la uso. Mngenisikiliza mimi tangu saa mbili, sasa hivi mtoto angekuwa barabarani.

— Tukusikilize nini wewe? alijibu kinyozi, ambaye kila mtu humwita Wembe. Wewe kitu kisichochomeleka unakiona haramu.

— Sawa. Alumini ikikatika naichomelea. Kaboni ikikatika utaifanya nini, utainyoa?

Fundi Spoku hakucheka. Aliinyanyua fremu ya kaboni kwa kidole kimoja, akairudisha. Akainyanyua ya alumini kwa vidole viwili.

— Uzito umeuona, fundi? Wembe aliuliza. Ule mlima wa tangi la maji hauna huruma. Wenzake watakuja na kaboni, yeye aje na sufuria?

— Sufuria ya mama yangu ni alumini, alisema Cheche. Imelea watoto tisa. Imeanguka, imekanyagwa na ng'ombe, imebonyea, na jana nimekula ugali wa humo humo.

— Ugali haupandi mlima.

— Na kaboni haibonyei. Hapo ndipo pa kuogopa. Alumini ikiumia unaiona, imebonyea, imepasuka rangi. Kaboni inanyamaza. Inakungoja ufike kwenye mteremko, ndipo inakuambia.

Mama alinitazama. Baada ya mlima wa tangi kuna mteremko, na chini ya mteremko kuna kona kali. Hakuna aliyeitaja kona, lakini wote tuliitazama barabara ya kuelekea huko.

— Ndege zinatengenezwa kwa kaboni, kaka, Wembe alisema, akijimiminia kahawa kutoka kwenye birika. Watu wanapanda na watoto wao.

— Ndege haipiti kwenye mashimo ya huku kwetu.

— Sikiliza, mimi nywele nazijua. Kaboni ni nywele zilizolazwa na kugandishwa kwa gundi. Unywele mmoja unakatika, elfu moja hazikatiki. Lakini alumini inachoka. Alumini inahesabu mashimo. Shimo la kwanza, la pili, ikifika la elfu kumi inakata tamaa palepale, hata kama uko mbele ya wote.

— Nani alikuambia?

— Mteja.

— Mteja gani?

— Aliyekuwa na nywele nyingi, tulikaa sana.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka saa. Saa nne na nusu.

— Fundi, nilisema, wewe ungepanda ipi?

Alichukua sarafu mfukoni. Alianza kugonga kaboni polepole, bomba baada ya bomba, sikio likiwa karibu. Ililia ka, ka, ka, kavu na kali. Alipofika kwenye bomba la chini, lile linaloteremka kuelekea pedeli, palikuwa na stika kubwa ya ndimi za moto imelizunguka bomba lote. Hapo sauti ikawa to, nzito na butu. Akagonga tena. To.

— Hiyo ni stika, alisema Wembe haraka. Stika inameza sauti. Vaa kofia uone kama utasikia vizuri.

— Kofia inaziba masikio, siyo bomba, Cheche alisema.

— Ile stika ni alama ya mwendo. Wanaowekewa moto ni wenye kasi tu. Na kaboni ina kumbukumbu, msinibishie. Ikizoea kushinda, inakwenda yenyewe. Huyu binti atakuwa anaongoza tu usukani.

— Kama ina kumbukumbu, basi inamkumbuka mwenyewe wa kwanza. Si itamrudisha mtoto kwake?

— Nyie, Mama alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu tufike. Mmemaliza birika zima na bado sijui nimlipie ipi.

Fundi alikuwa bado ameishika sarafu. Niliona kwamba hajui, na kwamba anaona aibu, kwa sababu miaka yote niliyomletea baiskeli hajawahi kukosa jibu.

Ndipo akaja nesi wa zahanati, akisukuma baiskeli yake, gurudumu la nyuma limelala bila upepo.

— Hamjambo. Fundi, nina zamu saa sita, nizibie hii.

— Subiri kidogo, dada nesi. Tuna kesi hapa.

Aliegemeza baiskeli ukutani, akaja kusimama karibu nami. Aliitazama ya alumini, akaitazama ya kaboni. Kisha akainama kwenye bomba la chini, kama anavyoinama anapokagua mguu wa mtu, bila kuugusa.

— Fremu yote imechakaa rangi, alisema. Stika hii peke yake ndiyo mpya. Imefunika nini?

Wembe alikuwa na kikombe mdomoni. Alikiacha hapohapo. Cheche aliivuta miwani yake chini, akairudisha juu. Fundi alifumba kiganja juu ya sarafu. Tangu saa mbili tulikuwa tumeitazama stika ile, tumeisifu, tumeigonga.

Pikapu ya muuzaji ilisimama saa tano kasoro dakika tatu. Alishuka akitabasamu.

— Mmechagua?

— Shikamoo, nilisema. Stika hii imefunika nini?

— Marahaba. Urembo tu huo, mwanangu.

— Naomba tuibandue.

— Si niliwaambia? Ukiikwaruza umeinunua.

Mama alisimama, mkoba kwapani.

— Basi ibandue wewe, baba. Mali ni yako, huwezi kujiuzia.

Muuzaji alitazama saa yake. Alitazama pikapu. Akasema ana mteja mwingine anayeisubiri, akaibeba kaboni ubavuni, kiganja kikiwa juu ya ndimi za moto, akaipeleka garini. Alirudi kupokea hela ya alumini, akaondoka bila kumwangalia mtu.

Wembe aliinamisha birika juu ya kikombe. Halikutoa kitu. Akakaa katikati ya benchi, palipokuwa na kaboni.

— Itakuwa nzito kule juu, aliniambia kwa sauti ndogo. Hilo bado ni kweli.

— Najua, nilisema.

Fundi alikuwa ameshashusha magurudumu yangu ukutani. Alisogea benchini akiwa na spana mkononi, na Wembe akainuka kabla hajaambiwa, ili pampu itoke.