Kizingiti Bila Unga

Kwa Alamelu muuza kahawa, kwenye pembe ya barabara inayoshukia bwawa la hekalu pale Mylapore, mtaa wa Watamil, kuna benchi la mbao linalobeba watu wanne kwa starehe na sita kwa ubishi. Dereva wanayemwita Mita hukaa mwisho, mguu mmoja ndani ya bajaji yake, ambayo mita yake haijawahi kufanya kazi. Redio, kinyozi, hukaa katikati ili asikike pande zote. Mzee Ekambaram, waliyembandika jina la Posta kwa kuwa alistaafu huko, kila siku hukaa akitazama mlango wa nyumba yake ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo aliupa mgongo. Alikuwa na sentensi moja kifuani, na alitaka kuitoa yeye mwenyewe kabla mtaa haujamtolea.

Lakini benchi lilikuwa na mgeni, msichana wa Kitamil aliyezaliwa Malaysia, aliyekuja kuuona mji wa bibi yake. Redio alikuwa keshaanza kumhoji.

— Haya dada, umeona nini mpaka sasa?

— Mnara wa hekalu. Miungu yote ile na rangi zake! Shingo bado inaniuma. Halafu pwani, nikala pilipili za kukaanga, nikalia mbele za watu.

— Ungepanda bajaji yangu ungelia zaidi, alisema Mita.

— Kwa nauli yako, alidakia Alamelu, akiimimina kahawa kutoka juu mpaka povu likasimama.

— Na harufu, mgeni aliendelea. Hapa asumini, hatua moja mbele mtaro. Nyinyi mnapita katikati kama hamna pua.

— Asumini ndiyo ahadi za uchaguzi, alisema Redio. Mtaro ndio baada ya kura.

— Ila kilichonipendeza kuliko vyote ni kolam, ile michoro ya unga wa mchele milangoni. Jana alfajiri nilipiga picha ule wa nyumba ile pale. Leo mbona hapana kitu?

Wote wakageuka, isipokuwa Posta.

— He! Kweli bwana, alisema Redio. Posta, nyumba yako iko uchi!

— Mchele umepanda bei, alisema Mita.

— Mchele wapi! Ni watalii. Wanapiga picha, wanakwenda kuchapisha kwenye mashuka huko kwao. Posta kashtuka, sasa anadai haki yake.

— Basi ni sisimizi. Wamekula unga wa nyumba ile mpaka wamenenepa, wamegoma kutembea. Juzi nimemwona mmoja anasubiri bajaji.

— Na wewe ukamtoza mara mbili.

Wakacheka. Alamelu hakucheka. Aliweka birika chini.

— Nyie mna akili kweli? Mlango unaachwa hivyo kwa sababu gani, kama si maiti? Kaka Posta, nani?

Kicheko kikakatika. Hivi ndivyo Posta alivyotaka. Alfajiri alipomnyang'anya mkewe bakuli la unga, alitaka mtaa ukisome kizingiti kile, kisha unyamaze.

— Thenmozhi, alisema. Binti yetu amekufa.

— Mama yangu wee! alisema Mita, kahawa ikimmwagikia. Lini? Mbona hatukusikia kilio?

Redio alikuwa keshasimama.

— Mimi nakimbilia wapiga ngoma na mianzi ya jeneza. Mita, wewe maua. Mzee, mmemlaza chumba gani?

Sentensi ya Posta ilikuwa ile moja tu.

— Hakuna maiti, alisema.

Alamelu ndiye aliyeelewa kwanza.

— Ameondoka na yule kijana? Yule wa tabaka jingine?

— Kwangu mimi amekufa. Jana mchana nilimwambia achague, yule au sisi. Alikuwa na safari yake moyoni siku nyingi. Mimi nilimfungulia mlango tu.

— Umefanya la kiume, mzee, alisema Mita, lakini alisema akitazama tairi. Redio alikaa polepole.

— Samahani, baba, alisema mgeni. Sijaelewa. Jana alfajiri binti yako alinikuta napiga picha, akacheka, akanitilia unga kidogo kiganjani. Akaniambia, njoo kesho, nitakufundisha kupanga nukta za mchoro. Ndiyo maana nimekuja.

Posta alimgeukia.

— Alisema kesho?

— Kesho, baba. Akasisitiza niwahi, kabla jua halijapanda. Hakutaja safari yoyote.

Posta alitazama mikono yake. Jana alfajiri, basi, hapakuwa na safari.

— Sasa yuko wapi? mgeni aliuliza.

Redio, mwenye habari za mji mzima, aliangalia kandambili zake. Alamelu alilitikisa birika, lilikuwa tupu. Posta hakujua mwanawe amelala wapi, wala kama amekula. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo aliutazama mlango wake. Sisimizi walikuwa wamefika kama kawaida yao, msururu mrefu. Walizunguka kwenye kizingiti kitupu, wakarudi, wakazunguka tena.