Msinivue Hivi Viatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na msiniangalie miguu! Najua viatu tunaviachanga pale mlangoni. Leo nimesimama navyo mbele zenu, na nitawaambia kwa nini.

Mnakumbuka nilipokanyaga msumari hapa hapa, tukicheza nyimbo za sifa? Sikusikia kitu! Sukari ilikuwa imeua nyayo zangu. Niliona tu damu kwenye mkeka. Kidonda kikakataa kupona, kikanuka, hata nikaanza kukaa peke yangu huko nyuma.

Hospitali? Mimi? Wifi yangu alienda na kidonda kama hicho, wakamkata mguu. Tukauzika nyuma ya jikoni kwake, naye akaufuata kabla mahindi hayajakomaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka! Nikawaonyesha watoto pale pa kuzika mguu wangu, nyuma ya jikoni kwangu. Walilia, nami nikalia.

Basi daktari mmoja wa Kakamega akanifuata nyumbani, akaniambia wanajaribu mafuta mapya ya vidonda vya sukari. Wengine watapakwa hayo, wengine dawa ya kawaida, na kompyuta ndiyo itakayochagua. Kompyuta ichague mguu wangu? Nikamuuliza, "Mnajaribu kwetu kwa sababu sisi ni wajinga?"

Akasema, "Mama, unaweza kukataa, na hata ukianza unaweza kutoka. Lakini ukikaa nyumbani hivi, mguu utaenda."

Nikakubali, jicho likiwa mlangoni. Wakanipa kiatu kipana, nisikanyage chini bila hicho, hata kanisani. Hata kanisani? Haa! Nikasema, sasa shetani amejionyesha!

Nikamletea mchungaji wetu hayo maneno, nikijua atamkemea yule daktari. Akanitazama, akasema, "Mama, Musa aliambiwa avue viatu. Lakini Musa hakuwa na kidonda."

Ndugu zangu, nilivaa. Kila wiki walikiosha kidonda, wakakata nyama iliyokufa, wakakifunga, nami nikiwachunga kama kuku anayechunga mwewe. Na kikapona! Nikauliza, "Kumbe mafuta yenu ni mazuri?" Wakaniambia mimi nilikuwa wa dawa ya kawaida. Hayo mapya bado wanayapima, na mimi bado ninawaangalia.

Mtegemeeni Bwana, naye haoni aibu kumtuma daktari. Leo jioni, wewe mwenye sukari, inua unyayo wako uutazame, au mwambie mtoto akutazamie. Usingoje usikie uchungu, hautakuja.

Pale nyuma ya jikoni nilipowaonyesha watoto, nimepanda mrenda wa mboga. Asubuhi hii nimeuchuma mwenyewe, nimesimama kwa miguu yangu miwili. Asante, Yesu!