Mche wa Sabuni kwa Kila Bega

Fomu Na. 7B: Tathmini ya Mwitikio wa Jamii kwa Motisha Isiyo ya Fedha katika Usafirishaji wa Wagonjwa kwa Machela. Kwa lugha ya nyumbani: sabuni. Fomu ilifika asubuhi ile na mwenye bodaboda, ikawa magotini kwa Cleophace, ambaye tangu watafiti wamchague kuhojiwa tunamwita Sampuli. Ilikuwa na swali moja: kwa nini, baada ya motisha kusitishwa, safari za kubeba wagonjwa zimeshuka kutoka arobaini na moja kwa mwezi hadi sifuri? Jibu limeachiwa mistari mitatu. Tulikuwa wanaume wanne kwenye benchi la genge la Gloriose, njiapanda ya chini, hapa Mabira: Sampuli; Mtendaji, yaani Mzee Kaijage, aliyestaafu utendaji wa kijiji lakini cheo kikakataa kustaafu; Kamati, yaani Adelard, mjumbe wa kila kitu; na mimi. Gloriose alikuwa anamimina kahawa. Machela imeegemea ukuta nyuma yetu. Juu kilimani Anonciata, mke wa Hagenimana, alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mvua ikinyesha, kama usiku ule, pikipiki haipandi kule. Gari la wagonjwa limesema litasubiri barabarani mpaka saa saba, basi. Hagenimana ameshashuka mara mbili kuomba watu, na mara zote mbili tumemwambia tunakuja. Ilikuwa saa nne na nusu.

— Andika, alisema Mtendaji. Andika kwamba utaratibu wa kusitisha haukufuatwa. Sabuni inaondolewaje ghafla? Ilitakiwa kushuka taratibu. Mche mzima, nusu mche, robo, halafu kipande cha kunawia mikono.

— Mzee, mistari ni mitatu, akasema Sampuli.

— Bana maandishi.

— Zamani tulibeba bila sabuni, nikasema.

— Zamani ulibeba kwa aibu, akanijibu Kamati. Usipobeba, ukipita watu wanakaa kimya. Mkeo akienda kisimani anaambiwa maji yamechafuka. Sasa watafiti walipoleta daftari la sahihi, ukibeba unasaini unapewa mche, aibu ikahamia kwenye daftari. Hujasaini? Hujala sabuni. Kwisha. Nani akununie na umeshakatwa sabuni yako?

— Hilo ndilo alilosema yule mtafiti mwenye miwani! Sampuli akaruka. Ubongo una milango miwili. Wa huruma na wa malipo. Ukiufungua wa malipo, ule wa huruma unajifunga wenyewe.

— Na funguo wanazo wao?

— Wamezibeba kwenye lendikruza.

Tulicheka. Gloriose hakucheka. Alimwaga masimbi ya kahawa mtaroni, akasema:

— Baba zangu, mke wa watu yuko juu kule.

— Tunajua, mama. Tunasubiri watu watimie.

— Sampuli, wewe ulibebwa mara ngapi mwezi ule wa tatu?

— Mara nne.

— Ulikuwa unaumwa nini?

— Jino.

— Jino lile lile?

— Mara ya kwanza liliuma kweli. Nyingine zilikuwa za zamu.

Hapo niwe mkweli, maana fomu haikuuliza. Mwezi ule wa safari arobaini na moja tulikuwa na orodha ya kuumwa. Kaya sitini, kila siku kuna wa kulala kwenye machela na wanane wa kubeba kwa kupokezana, na kila bega linasaini. Mganga wa zahanati alishangaa kupokea watu wenye afya nzuri ajabu, wanaonukia sabuni. Watafiti walifurahi. Walisema kijiji kimeonyesha mwitikio ambao haujawahi kuonekana, na hapo hawakukosea.

— Tatizo ni kwamba hatukusoma kichwa cha habari, Kamati akaendelea, sasa sauti imeshuka, kama mtu anayetoa siri ya kikao. Wamesema wamesitisha. Nani kawaona wakiondoka? Mimi nasema awamu ya pili imeshaanza. Sabuni imetolewa makusudi ili waone tutafanyaje.

— Yaani leo tunapimwa?

— Leo hii! Sisi ni kundi la ulinganisho. Tukibeba bila sabuni tumeharibu takwimu. Watasema kumbe hawa hawahitaji chochote, na vijiji vyote vya wilaya vitakosa. Unataka hata Nyakasimbi kule Karagwe, wilaya ya jirani, wakose kwa ajili yetu?

— Hata Nyakasimbi ina sabuni?

— Walikuwa kwenye mpango wa baadaye.

Mtendaji akatikisa kichwa kwa heshima. Hoja ilikuwa na wilaya mbili ndani yake, na yeye hoja ya namna hiyo hawezi kuipinga.

— Basi tukikaa hapa, akasema polepole, tunatoa huduma.

— Kwa taifa, mzee.

— Na huo uchungu wenyewe, Sampuli akasema, mmejuaje si sehemu ya jaribio?

Hapo hata Kamati alimwangalia. Gloriose akaweka birika chini.

— Rudia.

— Nasema tu, dada. Kisayansi.

— Hagenimana amebeba watu wa kijiji hiki mara ngapi? Mimi nahesabu nikiwa hapa hapa. Mara kumi na saba. Alisaini mara ngapi?

— Hakusaini, nikasema. Daftari lilitaka namba ya kitambulisho cha taifa. Yeye walimwambia wazazi wake walitoka Burundi, asubiri.

— Kwa hiyo hajala mche hata mmoja, na hajakataa safari hata moja. Kiandikeni hicho kwenye mistari yenu mitatu.

— Hicho hakihesabiki, alisema Sampuli, na nadhani alisikitika kweli. Asiyesaini hayumo kwenye utafiti.

Saa sita ilikuwa imekaribia msichana mmoja aliposhuka njia ya kilimani, kanga imelowa mpaka magotini. Hatukumfahamu. Alijitambulisha kuwa ni Ingabire, mdogo wake Anonciata, amefika jana kumsaidia dada yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Hali ya mgonjwa?

— Ameacha kupiga kelele.

Mtendaji akasema afadhali. Msichana alimtazama, kisha akaitazama machela.

— Naomba kuuliza. Hii inabebwa na watu wangapi?

— Kwa kupokezana, wanane, Kamati akaanza. Kwa mujibu wa mwongozo...

— Bila kupokezana.

— Wanne, nikasema.

Alituhesabu kwa macho. Hakutumia kidole, ana adabu.

— Na hapa mko wanne. Mnamsubiri nani?

Sampuli alitazama fomu. Mtendaji alitazama fimbo yake. Kamati alianza kutuhesabu upya. Mimi nilinyoosha kikombe kwa Gloriose, mkono ulijiendea wenyewe tu. Hakukipokea. Alimwaga kahawa yote iliyobaki juu ya moto, akajifunga kanga kiunoni, akashika machela upande mmoja. Ingabire akashika wa pili. Machela ni kazi ya wanaume kwetu, na hakuna aliyewaambia hilo.

Anonciata aliteremshwa na mumewe, na mdogo wake, na Gloriose, na Placidia, mke wa Mtendaji, aliyeacha jembe kwenye migomba alipowaona wakipita. Walifika barabarani saa nane kasoro robo. Gari lilikuwa limeondoka. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kando ya barabara akiwa amekufa. Mama yake yuko hai. Kesho yake asubuhi tulipanda kilimani na majembe. Kaburi la kichanga huchimbwa na watu wawili. Tulifika wanaume kumi na tisa.